Weka Mafuta, Uondoke

Wauza magari ya mkononi wa Dar es Salaam wana dua moja, na wote wameikariri. Gari halijarudiwa rangi. Lilikuwa likiendeshwa na mama, kazini na kanisani. AC inagandisha. Halidai kitu, ni kuweka mafuta na kuondoka. Mimi, mtu niliyekaa miaka kumi na miwili nikibanwa kwapani mwa watu kwenye daladala na baadaye kwenye mwendokasi, dua hiyo niliiitikia amina kabla haijafika mwisho. Leo sina ugomvi na huko kuondoka. Nina ugomvi na kule kuweka mafuta.

Gari lenyewe ni la michezo, milango miwili, turbo, la mwaka 2004, bluu iliyokolea, na nyuma lina bawa ambalo mke wangu, siku nililolileta nyumbani, aliuliza kama ni la kuanikia nguo. Jina la kampuni sitalitaja. Waliolitengeneza hawana kosa. Mpira wa miaka ishirini ni mpira wa miaka ishirini hata kama ulifungwa na malaika. Viti vya nyuma vipo kwa heshima tu. Mama mkwe alijaribu kukaa mara moja, ikabidi tumtoe kwa utaratibu wa kutoa kabati mlangoni. Na chini limelala kiasi kwamba kila tuta la Goba, ninakoishi, nalipita mshazari, kama kaa, huku bodaboda nyuma yangu wakipiga honi na kuuliza kama nimebeba mayai.

Haya yote niliyajua nikinunua. Nililipenda hivyo hivyo. Kuna siku nilisimama barazani nikiwa na kikombe cha chai nikiliangalia tu, hadi jirani akaja kuuliza kama limeibiwa kitu.

Jambo moja nililiona lakini sikulitilia maanani: siku nakabidhiwa funguo, taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Muuzaji akasema, "Samahani braza, nimesahau kuweka." Nani mjini hapa haendeshi gari taa ikiwaka? Nikamwona mwenzangu kabisa.

Miezi mitatu ya kwanza tuliishi kwa amani. Utaratibu wangu wa sheli ulikuwa ule ule wa watu wote wenye gari kubwa kuliko mshahara: unasogea kwenye pampu, unashusha kioo kidogo, unasema kwa sauti ya chini ambayo gari la pili halitaisikia, "Weka ya elfu kumi." Elfu kumi ni lita tatu na mate. Kwa turbo hicho ni kionjo. Nilikuwa nikitoka Mwenge hadi nyumbani nikiwa nimezima AC, mguu umelegea kwenye pedali kama nakanyaga mgongo wa paka. Lakini gari halikuvuja hata tone. Naomba hilo likumbukwe, maana litakuja kuhitajika.

Msiba ulianza Jumanne moja, usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wenye magari wanajua usiku huo una nini: EWURA hutangaza bei kikomo mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza, na Jumanne yake kila mtu anakuwa mchumi. Ofisini kuna bwana mmoja aliyetuhakikishia kwamba bei inapanda shilingi mia kwa lita. Aliipata wapi habari hiyo hakusema, lakini aliisema akiwa amesimama. Mshahara ulikuwa umeingia. Nikapiga hesabu: lita arobaini na kitu mara shilingi mia, naokoa zaidi ya elfu nne. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari lile, nikaenda sheli, nikashusha kioo chote, nikasema kwa sauti, "Fulu tenki."

Dada wa sheli akaniangalia. "Fulu?"

"Fulu, dada yangu."

Nikashuka na kusimama nje, mkono kiunoni, ili foleni ione. Pampu ikajikata yenyewe kwenye laki na elfu thelathini na nne na ushei. Hapo mtu mwenye akili angelipa akaondoka. Mimi nikasema, "Zungusha ifike laki na arobaini." Akabonyeza, ikajikata; akabonyeza, ikajikata; tukalishindilia gari lile kama gunia la mkaa.

Harufu ilianza kwenye kilima cha kwanza cha Goba. Nililaumu bodaboda iliyokuwa mbele. Ikakata kona, harufu ikabaki. Nikalaumu bajaji, kisha lori la mchanga, nikafunga vioo ili nisivute uchafu wa watu, ndipo macho yakaanza kutoa machozi. Nilipoingia ndani ya nyumba mke wangu aliinua uso kwenye mboga aliyokuwa anachambua. "Baba watoto, umekuja na sheli?"

Asubuhi vijana wa bodaboda wa kijiweni walikuwa wamesimama nusu duara nyuma ya gari, wameinamisha vichwa kama wanaaga mwili. Mmoja akageuka. "Mkuu, gari linakojoa."

Lilikuwa linakojoa kweli. Tone, kisha tone, chini ya tairi la nyuma la kulia, na udongo umelowa upana wa sinia. Sasa mimi hupenda utani, lakini hapa nitauweka pembeni kidogo. Ukuta wa nyumba yangu kwa nje ndipo anapokaa mama lishe wetu na jiko lake la mkaa, na kutoka kwenye lile tone hadi kwenye lile jiko ni hatua tisa. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na Goba asubuhi ile tulikuwa karibu nyuzi 30 juu. Halafu mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini chini, ukifuata mteremko kama maji. Mteremko wetu unaelekea kwenye chapati. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Tangu siku ile hakuna mtu katika nchi hii anayesikia harufu ya petroli akacheka.

Nikamfuata mama lishe, nikamwomba kwa adabu zote azime jiko, na ikiwezekana asogee kidogo kwa siku mbili tatu.

Hakuacha kusukuma chapati. "Baba, mimi hapa huu mwaka wa saba. Hilo lako lina miezi mitatu. Nani ahame?"

Nikatoa waya wa betri. Tukalisukuma gari kwa mikono hadi chini ya mwembe, vijana sita wa bodaboda na mimi, kwenda kinyume na mteremko, na malipo yao yalikuwa chapati mbili mbili na chai, kwa akaunti yangu. Redio ya mama lishe ikatangaza bei mpya. Petroli ilikuwa imeshuka.

Sasa mafundi. Wa kwanza aliletwa na bodaboda, alikuwa jirani, na kabla hajainama alishasema, "Hii kazi ndogo, bosi." Mimi neno hilo hulihofia kuliko "kazi kubwa". Akalala chini, akapapasa tumbo la tenki, akanusa vidole, akaagiza nusu mche wa sabuni dukani kwa Mangi. Msicheke. Sabuni ya mche ni dawa halali: haiyeyuki kwenye petroli, ukiisugua kwenye ufa inajaa na kushika. Madereva wa safari ndefu wamefika nyumbani kwa sabuni. Bablishi ndiyo ya kuogopa, maana petroli huiyeyusha. Akasugua, akapaka, akasugua, tenki likanuka petroli na kufua kwa pamoja. Halikuacha.

Akasema basi ni silikoni. Akaipaka silikoni nyekundu pale pale juu ya sabuni, akachukua elfu thelathini, akaagiza gari lisiguswe siku mbili. Nyuma yetu kuna gereji ya mageti, na wakati huo kulikuwa na kijana anachomelea, cheche zinaruka kama Mwaka Mpya. Nikamwonyesha fundi. Akaangalia, akalowesha kidole, akakiinua. "Usiwe na wasi. Upepo unaelekea baharini."

Siku mbili gari likaendelea kudondosha, ya tatu likapunguza, ya nne likaacha kabisa. Fundi akapita na pikipiki, akanipigia saluti. Nikajisikia vibaya kwa kumdharau.

Wiki tatu nikarudi kwenye elfu kumi zangu, na gari ni kavu. Halafu ikaja harusi ya shemeji yangu Bagamoyo. Huwezi kwenda ukweni na elfu kumi. Nikajaza tena, fulu, na mara hii sikuzungusha, nilikuwa nimejifunza. Tulipofika Bunju mke wangu alikuwa amefunika pua kwa mtandio mpya wa sare. Tukaegesha mita mia moja kutoka kwenye turubai la harusi, peke yetu, kama wenye ugonjwa wa kuambukiza, na mjomba wa bwana harusi akaja kuniuliza kwa upole kama nimeanza biashara ya mafuta.

Fundi wa pili alikuwa na ofa ya kupima kwa kompyuta. Akachomeka kile kidude, akaangalia simu, akasema pampu imechoka. Nikauliza pampu iliyochoka inavujaje. Akasema ikichoka inasukuma vibaya. Tukaenda Ilala, Shauri Moyo, tukapata pampu iliyotoka kwenye gari lililogongwa mbele, laki moja na themanini, na muuzaji akaisifia kwamba ilikuwa ikitumiwa na mama. Fundi akabadilisha na mpira wa mafuta, na huo mpira ndio ulioninyima usingizi. Kwenye gari la nozeli, pampu husukuma mafuta kwa bar tatu hivi, wakati tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na kitu. Mpira wa kazi hiyo ni wa aina yake, huandikwa R9 ubavuni, na klemu zake ni zile laini zisizoukata. Wa fundi wangu haukuandikwa kitu. Ulikuwa na mstari wa kijani kama ule wa kumwagilia maua, umekazwa kwa waya. Nikamwambia autoe. Akanuna siku nzima.

Siku ya nne gari likaacha kuvuja. Fundi wa pili naye akanipigia saluti.

Usiku huo, katika kutafuta faraja, nikasoma mambo ya wenzangu. Mwaka 2017 Lamborghini iliyaita magari yake ya Aventador, karibu 5,900 duniani kote, yarudi yakarekebishwe, kwa sababu tenki likijazwa kupita kiasi mafuta yanaweza kuingia kwenye mfumo wa kushughulikia mvuke, na mvuke huo ukikutana na joto la ekzosi gari linaweza kuwaka moto. Tenki likijazwa kupita kiasi! Nikamwamsha mke wangu. Nikamsomea yote. Nikamwambia unaona, ni maradhi ya magari makubwa, hata Lamborghini.

Akasikiliza hadi mwisho, macho yamefumba. "Hao kiwanda kimewaita. Wewe nani amekuita?" Akageukia ukutani.

Nikabaki macho. Na gizani pale, neno lile "likijazwa" likawa linanizunguka kama mbu, lakini sikulikamata. Siku hizi nikikumbuka najipiga kofi la paja. Nilikuwa na jibu mkononi, nikalala nalo.

Aliyelikamata ni mzee mmoja wa Gerezani, fundi wa siku nyingi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa koili. Nilipelekwa kwake na kijana wa spea aliyenionea huruma. Gari siku hiyo lilikuwa kavu, na mimi nilikwenda kulalamika tu. Mzee hakuinama, wala hakusema kazi ndogo. Alifuta mikono taratibu, akaniuliza kama daktari anayeuliza mara ya mwisho umekula nini.

"Unaweka mafuta ya shilingi ngapi?"

Nikaangalia pembeni. "Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Elfu kumi."

"Kila siku elfu kumi?"

"Mara nyingine elfu tano."

Vijana wake watatu waliacha kufungua walichokuwa wanafungua. Mzee akatikisa kichwa bila dharau. "Na likivuja, lilivuja lini?"

Nikamwambia: mara mbili. Na kadiri nilivyokuwa nikisema ndivyo nilivyokuwa nikijisikia masikio yanapata moto, kwa sababu mara zote mbili nilikuwa nimejaza. Na mara zote mbili lilipona lenyewe baada ya siku chache, mafuta yaliposhuka. Mafundi wawili walikuwa wamelipwa kwa kusubiri na mimi.

Mzee akang'oa kiti cha nyuma, kile cha heshima. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya kifuniko ndiyo paa la tenki, mahali pampu inapoingilia. Pale pana mpira wa duara, oringi mafundi wanauita, unaoziba kati ya pampu na tenki. Ukiwa na lita tatu na mate, mafuta hayafiki huko juu maisha yako yote. Ukijaza yanafika, na ukipanda kilima cha Goba yanaegemea, yanapenya, yanatambaa juu ya tenki, yanashuka ubavuni, na kuja kudondoka chini kule ambako fundi wangu wa kwanza alikuwa amelala akipaka sabuni mahali pazima.

Fundi wa pili, kwa taarifa yenu, alifungua pale pale alipoweka pampu, akairudisha juu ya oringi ile ile. Mzee aliikunja kidogo ikavunjika kama biskuti.

Lakini hiyo siyo iliyonimaliza. Kuzunguka shimo lile kulikuwa na silikoni, ya kijivu juu, nyeusi chini yake, za kale, zimevimba na kulegea kama ngozi ya maziwa, maana silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Na chini ya silikoni nyeusi, ikiwa imekauka na kupasuka pasuka, kulikuwa na sabuni. Sabuni ya mche, ya bluu. Ya kwetu ilikuwa nyeupe, na ilipakwa chini.

Nikampigia simu muuzaji pale pale, nimeweka spika ili Gerezani yote isikie haki ikitendeka. Nikaanza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: kaka, hili gari ulilonipa nikilijaza mafuta linavuja.

Kukawa kimya kidogo. Kisha akasema, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Braza, wewe unalijaza? Mbona sisi tulikuwa hatulijazi?"

Vijana wa mzee walikaa chini. Mmoja alilazimika kushika tairi. Na mimi nilitafuta neno la kumjibu yule bwana nikalikosa, maana hakusema uongo hata mara moja. Weka mafuta, uondoke. Hakusema mangapi.

Oringi ni elfu ishirini na tano. Mzee alichukua elfu arobaini ya kazi, akanikatalia nilipotaka kumwongeza. Akiosha mikono akasema sasa tupitie sheli, tulijaze, alizungushe kwenye kilima ahakikishe. Nikamwambia nitapita mwenyewe jioni.

Ukijumlisha silikoni, pampu ya marehemu, mpira wa maua, chapati kumi na mbili, tenki mbili ambazo sehemu yake imeinywa ardhi ya Goba, na taksi mbili za kumpeleka mke wangu kazini kwa sababu nguo zake zilikuwa zinanuka, jioni hiyo haikuwa na laki na nusu ndani yake. Wala jioni iliyofuata. Gari ni zima mwezi wa pili sasa, kwa mujibu wa fundi. Ushahidi bado hatuna.

Nimelirudisha kutoka mwembeni. Mama lishe alitazama nikiegesha, akanyanyuka, akahesabu hatua kutoka kwenye tairi la nyuma kwenda kwenye jiko, kwa midomo. Zilikuwa tisa. Akabeba jiko, sufuria, benchi na redio, akaongeza hatua kumi na moja, akakaa. Wateja wamemfuata. Vijana wa bodaboda pia wamehamia huko, na nikiwasha gari asubuhi wananipungia mkono kutoka mbali.